Chelewa Chelewa, Utakuta Beki Si Wako

Siku za karibuni alinifuata kijana mmoja wa mtaani kwetu tulipokuwa tukitoka msikitini baada ya swala ya Isha. Ni beki wa kati, mrefu, anayecheza timu moja ya daraja la chini. Kuna timu nyingine iliyokuwa inamtaka, naye anataka kwenda, kwani huko alikuwa ameahidiwa mshahara mara mbili ya anaoupata. Tatizo ni kwamba viongozi wake wanasema amesaini miaka mitatu, wakati yeye anavyojua alisaini mmoja. Nikamuuliza, "Nakala yako iko wapi?" Akajibu, "Mzee, nakala anayo katibu." Nikamuuliza tena kama aliusoma kabla ya kusaini. Akatazama chini.

Ndugu msomaji, kisa cha kijana huyu ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Wengi wetu tunafuatilia sana mpira wa Ulaya. Vijana wanajua nani kafunga, nani kaumia na nani kauzwa kwa kiasi gani. Lakini yapo mafunzo katika mpira huo ambayo hayaonekani uwanjani, nayo yanamhusu hata asiyeshabikia timu yoyote. Moja ya mafunzo hayo ni namna watu wanavyokaa mezani na kupatana juu ya kazi na malipo. Leo tutazame visa viwili vya mabeki hodari wa London, ambao kila mmoja alivutana na klabu yake juu ya mkataba. Mmoja wao ni ndugu yetu katika imani.

Tuanze na kisa cha zamani. Ashley Cole alikuwa beki wa kushoto wa Arsenal, kijana wa London aliyelelewa na klabu hiyo tangu utotoni. Alikuwemo katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa Uingereza msimu wa 2003/04 bila kupoteza mchezo hata mmoja wa ligi. Yalipoanza mazungumzo ya mkataba mpya, kwa mujibu wa kitabu alichokitoa mwenyewe mwaka 2006, yeye na wakala wake waliamini kuwa wameshakubaliana na kiongozi mmoja wa klabu juu ya pauni 60,000 kwa wiki. Baadaye ofa ikaja pungufu, pauni 55,000. Cole alisimulia kwamba alipopigiwa simu na kuelezwa kiwango hicho alikuwa anaendesha gari, na kwa hasira nusura atoke barabarani.

Fikiria hapo, msomaji. Kilichowagombanisha watu hawa kilikuwa pauni 5,000 kwa wiki, sawa na pauni 260,000 kwa mwaka. Kwetu sisi hizo ni fedha za kujengea mtaa mzima, lakini kwa klabu kubwa kama Arsenal hazikuwa kitu cha kuiyumbisha. Hata hivyo upande mmoja ulikataa kuongeza, na upande wa pili ukaona umedharauliwa.

Hapo ndipo Cole alipokosea. Mwezi Januari 2005, akiwa bado na mkataba na Arsenal, alikutana katika hoteli moja ya London na wakubwa wa Chelsea, akiwemo kocha Jose Mourinho. Kanuni za Ligi Kuu zilikataza mchezaji mwenye mkataba kufanya hivyo bila ruhusa ya mwajiri wake. Siri haikukaa. Mwezi Juni 2005 Chelsea walipigwa faini ya pauni 300,000, na juu yake wakawekewa onyo la kukatwa pointi tatu endapo wangerudia. Mourinho alitozwa pauni 200,000 na Cole pauni 100,000. Walipokata rufaa, faini za watu hawa wawili zilipunguzwa, kila mmoja akabaki na pauni 75,000.

Baada ya hapo Cole aliongeza mkataba wa mwaka mmoja, lakini moyo ulikuwa umeshahama. Tarehe 31 Agosti 2006 alikwenda Chelsea, na Arsenal wakapokea beki William Gallas pamoja na pauni milioni 5. Tuseme ukweli, kimpira Cole hakupoteza. Akiwa Chelsea alitwaa ubingwa wa ligi mwaka 2010 na ubingwa wa Ulaya mwaka 2012. Alichopoteza ni jina. Watu waliomshangilia tangu akiwa kijana walimgeuzia jina lake likawa la mpenda pesa, na aliporudi kucheza dhidi yao walimrushia noti za bandia. Hadi alipostaafu jina hilo halikumtoka.

Sasa tuje kwenye kisa cha pili, ambacho ndicho hasa nilichotaka tukitafakari. Antonio Rudiger alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1993, mama yake akiwa mtu wa Sierra Leone. Alikulia Neukolln, mtaa wa watu wa kipato cha chini na wahamiaji wengi. Ni Muislamu asiyeficha dini yake. Chelsea walimnunua kutoka Roma ya Italia mwaka 2017 na wakampa mkataba wa miaka mitano, yaani hadi mwaka 2022.

Si kwamba mambo yalimnyookea siku zote. Mwanzoni mwa msimu wa 2020/21, chini ya kocha Frank Lampard, aliwekwa benchi na wakati mwingine hata benchi hakukaa. Januari 2021 alipokuja Thomas Tuchel, Rudiger akarudi kikosini na hakutoka tena. Miezi minne baadaye, Mei 2021, Chelsea waliifunga Manchester City bao 1-0 mjini Porto na kutwaa ubingwa wa Ulaya, huku Rudiger akiwa nguzo ya ukuta wao.

Kwa hiyo ulipoanza msimu wa 2021/22, hali ilikuwa hivi. Klabu ilikuwa na beki bora, bingwa wa Ulaya, mwenye umri wa miaka 28, ambaye mkataba wake umebakiza mwaka mmoja. Mtu yeyote mwenye duka la rejareja angejua la kufanya. Bidhaa adimu unayoihitaji, na ambayo jirani yako anaitamani, huiachi mlangoni ukaenda kulala. Chelsea walitoa ofa ya kwanza, haikukubaliwa. Kisha, kama Rudiger alivyoeleza mwenyewe katika waraka wake wa kuwaaga mashabiki mwaka 2022, kuanzia Agosti hadi Januari klabu ilikaa kimya. Alieleza kuwa biashara ni biashara, lakini mchezaji si roboti, hawezi kukaa miezi mingi bila kujua kesho yake iko wapi.

Ili msomaji aelewe kwa nini ukimya ule ulikuwa wa hatari, lazima arudi nyuma hadi tarehe 15 Desemba 1995. Siku hiyo Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa hukumu katika kesi ya Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji. Mkataba wake na klabu ya Liege ulikuwa umekwisha, lakini klabu ilimzuia kwenda Ufaransa kwa kudai ada ya uhamisho. Mahakama ikasema mkataba ukiisha, mtu ni huru na hauzwi. Nazo kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita au chini ya hapo kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine. Kwa maana hiyo, kuanzia Januari 2022 Rudiger angeweza kuzungumza na klabu za nje mchana kweupe, bila kujificha hotelini na bila kumvunjia mtu haki yake.

Chelsea walipozinduka, msiba mwingine ukawakuta. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na tarehe 10 Machi serikali ya Uingereza ilimwekea vikwazo mmiliki wa klabu, Roman Abramovich. Klabu ikaruhusiwa kuendelea kucheza kwa leseni maalumu, lakini ikazuiwa kuuza na kununua wachezaji, na kuwapa mikataba mipya. Hata kama sasa walikuwa tayari kumpa Rudiger alichotaka, mikono ilikuwa imefungwa. Mwezi Aprili Tuchel alitangaza kwa masikitiko kuwa beki wake anaondoka. Tarehe 2 Juni 2022 Real Madrid wakamtambulisha kwa mkataba wa miaka minne. Klabu iliyomlea kwa miaka mitano haikupata hata senti moja ya ada. Mwezi huo huo beki mwenzake, Andreas Christensen, naye mkataba wake ukaisha akaenda Barcelona bure.

Na hasara haikuishia hapo. Kiangazi hicho hicho wamiliki wapya wa Chelsea ililazimu waingie sokoni kutafuta mabeki. Walimchukua Kalidou Koulibaly wa Senegal kutoka Napoli na Wesley Fofana kutoka Leicester, na kwa mujibu wa vyombo vya habari wawili hao waligharimu zaidi ya pauni milioni 100. Koulibaly alicheza msimu mmoja tu kisha akaenda Al Hilal ya Saudi Arabia mwaka 2023. Rudiger naye akatwaa ubingwa wa Ulaya kwa mara ya pili, akiwa na Real Madrid, katika fainali ya mwaka 2024 iliyochezwa Wembley, jijini London, mji ule ule alioondoka.

Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Chelsea walikuta beki si wao.

Sasa tujiulize, tunajifunza nini?

Somo la kwanza ni kwa waajiri. Ukimya nao ni jibu. Yako makampuni, maduka na hata taasisi zetu wenyewe ambazo mwalimu au fundi wake anamaliza mkataba, anauliza, anaambiwa "tutakuita". Anakaa mwezi, anakaa miezi mitatu. Siku akiondoka tunamwita msaliti. Nani amemsaliti mwenzake hapo? Mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba hawezi kula "tutakuita". Kama huwezi kumwongeza, mwambie mapema ili ajipange. Kama unamtaka, usimwache ajue thamani yake kwa majirani.

Somo la pili ni kwa mfanyakazi. Kutafuta malipo bora si tamaa wala si dhambi. Cole na Rudiger wote walitaka zaidi, na wote walihama. Tofauti yao ni njia. Mmoja alikwenda kwa siri huku akiwa amefungwa na ahadi ya watu wengine. Mwingine alitimiza miaka yake mitano, akacheza kwa nguvu zake zote hadi mechi za mwisho, akasubiri mlango ufunguke kisheria, akaaga na kushukuru. Huyu wa pili mashabiki wengi wa klabu aliyoiacha bado wanamtaja kwa wema.

Somo la tatu linahusu uwazi wa masharti. Tunamsoma Nabii Musa (a.s.) katika Suratul Qasas, alipofika Madyan akiwa mkimbizi asiye na kitu. Yule mzee hakumwambia "fanya kazi, tutaelewana". Alimtajia malipo, akamtajia muda wa miaka minane, na akamweleza kwamba kumi ingekuwa kwa hiari yake mwenyewe, kwani hakutaka kumtaabisha. Musa naye akakubali kwa sharti kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili asidhulumiwe, na Mwenyezi Mungu akawa shahidi wao. Tazama yaliyomo humo: malipo, muda, nyongeza ya hiari na shahidi. Mtu maskini kuliko wote pale alikuwa na masharti yaliyo wazi kuliko vijana wetu wengi wa leo. Na katika Suratul Baqara, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an imeshuka kutufundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Kama Cole na viongozi wa Arsenal wangeandika lile walilodhani wamekubaliana, pengine hata ugomvi wa pauni 5,000 usingekuwapo.

Somo la nne ni kwa wazazi. Siku hizi mtoto mwenye kipaji huzungukwa na watu wengi wanaojiita mawakala. Rudiger alisimamiwa na ndugu yake, Sahr Senesie, ambaye naye aliwahi kucheza mpira, mtu anayemjua na anayeijua kazi. Si kila mmoja wetu ana ndugu wa namna hiyo, lakini kila mmoja anaweza kumtafuta mwanasheria au mwalimu mwaminifu akausoma mkataba sentensi kwa sentensi. Ijulikane pia kuwa kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kufungwa kwa mkataba wa zaidi ya miaka mitatu. Wangapi kati yetu tunalijua hilo? Mtoto wako asisaini juu ya boneti la gari huku amewashiwa taa ya simu.

Narudi kwa kijana wangu. Kesho yake tulikwenda kwa yule katibu, kwa adabu na bila kelele, tukaomba kuona mkataba. Miaka mitatu imeandikwa kweli, na sahihi ni ya kwake. Hakudhulumiwa kwa hila, alijidhulumu kwa kutosoma. Nilimshauri afanye kama Rudiger: atimize aliyoyasaini, acheze kwa bidii, na siku itakapobaki miezi sita akae mezani akiwa na kichwa kilichotulia. Hakufurahi. Alikuwa ameshawaahidi wazazi wake kuwaezekea nyumba kwa fedha za timu mpya.

Lakini alipokuwa anaondoka aliomba nakala ya mkataba wake, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe msomaji, mkataba wako wa kazi, wa nyumba unayopanga au wa fedha uliyomkopesha shemeji yako, uko wapi sasa hivi? Kama jibu lako ni "anayo katibu", basi leo hii nenda ukaudai.