Kuhamia Makindye: Anza na Saa ya Mwajiri

Mtu anayefanyia kazi nyumbani kwa kompyuta akifikiria kuhamia Kampala, Makindye humteka upesi. Ni moja ya tarafa tano za jiji. Inaanzia Katwe na Nsambya, jirani na katikati ya mji, inapanda vilima vya Muyenga na Buziga, kisha inateremka hadi Ziwa Viktoria pale Ggaba na Munyonyo. Dalali akishakusimamisha kwenye roshani ya Buziga, maji yakimetameta kule chini, hana haja ya kuongeza neno. Kabla hujafika kwenye roshani hiyo, piga hesabu ya jambo lisilo na uzuri wowote: mwajiri wako anafungua kazi saa ngapi?

Kampala iko karibu mno na ikweta. Jua huchomoza kiasi cha saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni, Januari hadi Desemba. Kwa hiyo anayependa matembezi ana mwanga wa kabla ya kazi au wa baada ya kazi, mara chache vyote viwili, na ndio unaoamua ukae upande gani wa tarafa.

Tuseme unatumikia kampuni ya Dubai. Saa tatu asubuhi yao ni saa mbili yetu, na saa kumi na moja jioni umeshafunga kompyuta. Una saa mbili hivi za mwanga. Tatizo ni kwamba ndizo saa ambazo Barabara ya Ggaba inafurika magari yanayotoka mjini. Ukipanga Kansanga ukitumaini kwenda ziwani kila jioni, machweo yatakukuta nyuma ya matatu. Panga mbele zaidi, Bunga, Ggaba au Munyonyo, ili foleni ibaki nyuma yako.

Mwenye mwajiri wa London ana hesabu nyingine. Majira ya baridi, saa tatu asubuhi ya kule ni saa sita mchana Kampala, na kazi inakwisha saa mbili usiku. Jioni huna, ila asubuhi nzima ni yako. Hapo Muyenga na Buziga zinakufaa: unapanda mlima kwa miguu kabla jua halijawa kali, au unashuka mwalo wa Ggaba kununua sato na sangara.

Wa New York ndiye mwenye mtihani. Wakati wa baridi ataanza saa kumi na moja jioni na kumaliza saa saba usiku. Huyo aiepuke Kabalagala, hata kama kodi inamvutia, kwa kuwa baa za pale huchangamka hasa anapoanza mikutano yake.

Hata hivyo, Kabalagala hiyohiyo ndiko kilipo kituo cha sanaa cha 32° East. Kilianzishwa mwaka 2011, kinapokea wasanii na kuwapa nafasi ya kazi, kina maktaba, na tangu 2012 kimekuwa kikiandaa tamasha la KLA ART, linaloitoa sanaa kwenye kumbi na kuileta mitaani. Kwa mgeni anayeishi peke yake na kompyuta, mahali pa kufika mchana na kukuta watu wanaotengeneza vitu kwa mikono ni muhimu kuliko mgahawa wenye kahawa nzuri. Lakini ubunifu wa Makindye haukai kwenye majengo ya sanaa peke yake. Mafundi chuma wa Katwe watakuundia karibu chochote ukiwachorea, na meza ya kazi tafuta kwa maseremala wa Nsambya. Ongea nao bei taratibu, hawana haraka.

Ziwa nalo lina masharti yake. Uchafu wa jiji huingia Ghuba ya Murchison kupitia mfereji wa Nakivubo, na kichocho kipo, basi kuogelea kufanyike kwenye mabwawa ya hoteli. Ukipanda mashua Ggaba, vaa jaketi la kuokolea hata kama abiria wenzako wanacheka. Novemba 2018 mashua ya starehe ya MV Templar ilizama upande wa Mukono na zaidi ya watu 30 wakafa. Nyumba iliyo ufukweni kabisa uichunguze mara mbili: Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, rekodi ya wakati huo, na maji yakaingia kwenye fukwe za Ggaba na Munyonyo. Vivyo hivyo mabondeni, hasa Namuwongo na Kansanga, ambako nyumba nyingi zimepakana na vinamasi. Ikiwezekana, itazame nyumba Aprili au Novemba, mvua ikiwa imetoka kunyesha.

Itazame pia katika saa zako za kazi. Fungua simu ya video ukiwa chumbani utakamofanyia kazi, si barazani. Muulize jirani, usimuulize dalali, umeme ulikatika lini mara ya mwisho na ulirudi baada ya muda gani. Tangu Aprili 2025 usambazaji uko mikononi mwa kampuni ya serikali, UEDCL, baada ya kampuni iitwayo Umeme kumaliza mkataba wake. Luku ya hapa, yaani umeme wa kulipia kabla, inaitwa Yaka. Betri ya kuendesha ruta ni lazima.

Kuna hatari ambayo betri haiitibu. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti ilidorora Afrika Mashariki. Mweleze mwajiri mapema, kwa maandishi, na miezi ya uchaguzi ujipangie likizo au safari.

Ukishapata nyumba, sisitiza mkataba ulioandikwa, na kama kodi imetajwa kwa dola, jaribu kuirudisha kwenye shilingi. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, ujiandikishe. Barua yake utaihitaji mara nyingi kuliko unavyodhani.