Niliteleza tu, mkono ukavunjika

SWALI: Nina miaka 51, nauza unga sokoni hapa Bunia. Hedhi ilikoma miaka miwili iliyopita. Juzi niliteleza kwenye matope, nikavunjika kifundo cha mkono. Jirani anasema ni uzee tu. Ni kweli?

JIBU: Pole sana, mama. Usiridhike na jibu hilo. Mfupa ukivunjika kwa kuanguka kwa kawaida, huenda mifupa imeanza kudhoofika. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inayolinda mifupa hushuka, na kwa miaka kadhaa mfupa hupotea haraka kuliko unavyojengwa.

Mengi yamo mikononi mwako. Mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Kula samaki wadogo wakavu wa Ziwa Albert pamoja na mifupa yao, maziwa na lengalenga. Ongeza maharage, kwani mfupa huhitaji pia protini. Tembea kila siku: mwendo huimarisha mfupa, na jua huupa mwili vitamini D. Acha tumbaku, punguza pombe. Unapoinua gunia, kunja magoti, usipinde mgongo. Likiwa zito, omba msaada.

Mwone daktari. Mweleze ikiwa umetumia dawa ya predinizoloni kwa muda mrefu, umepungua kimo, au mgongo umeanza kuuma ghafla. Dawa za kuimarisha mifupa zipo, lakini usizinunue kabla ya kupimwa.