Ukitaka kuwashauri wasichana wa sekondari Ifakara, anza na kidato cha pili

Wenzangu wanaoanza kazi hapa Ifakara, wauguzi, watu wa maabara, maofisa kilimo, huniuliza waanzie wapi wakitaka kwenda shuleni kuzungumza na wasichana. Huwajibu waanze na kalenda. Tumezoea kuwaendea kidato cha nne, na kwa mengi huwa tumeshachelewa. Katika utaratibu tuliosoma sisi, unaoendelea kwenye shule nyingi, mwanafunzi anavuka kwenda kidato cha tatu ndipo anaamua kuendelea na Fizikia na Kemia au kuziacha. Akiziacha, uuguzi, utabibu na maabara vimemfungia mlango, maana vyuo vya afya vinataka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia wa kidato cha nne. Wengi huziacha kwa kumfuata rafiki, au kwa sababu shule haina mwalimu wa Fizikia. Fika kabla ya mtihani wa Novemba wa kidato cha pili. Binti akiamua kuacha, na aache akijua anaacha nini.

Kibali hakisumbui. Andika barua kwa mkuu wa shule; kama shule ni kadhaa, pitia kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Taja majina ya watakaokwenda na mada zenu, na uombe mwalimu wa malezi akae nanyi. Sisi tuna sharti moja lisilojadiliwa: hakuna anayechukua namba ya simu ya mwanafunzi wala kukutana naye peke yake, mawasiliano yote ni kupitia kwa mwalimu. Anayelalamikia sharti hilo tunamwacha nyumbani.

Sasa, mchague nani wa kwenda? Msijaze madaktari; kazi nyingine za sayansi wasichana wanaziona kila siku bila kuzijua. Waswisi walifungua maabara ya utafiti wa magonjwa hapa katika miaka ya 1950, na kutokana na maabara hiyo ndiyo tumepata Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu hapo kuna familia Lupiro na Kivukoni ambazo wageni wa kutega mbu wamelala vyumbani mwao mpaka wamezoeleka. Binti wa nyumba hiyo anaujua mtego, anamjua aliyeuleta, lakini hajawahi kuambiwa kwamba ile ni kazi yenye mshahara, na kwamba nyuma yake yupo anayemtambua mbu kwa hadubini, anayeingiza takwimu, anayechora ramani. Mpeleke aliyeko kazini hapo akiwa amebeba mbu wake kwenye kichupa. Mtafute na dada wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, anayeshughulika na mbegu za mpunga, muuguzi wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, askari wa kike wa hifadhi ya Udzungwa kule Mang'ula, fundi umeme wa kiwanda cha sukari. Bora zaidi awe amesoma shule ya kata. Wasichana wanamsikiliza aliyepita njia wanayopita wao.

Na aliyekwenda asihutubie. "Mkijituma mtafanikiwa" wameisikia kila mahafali. Waeleze njia yenyewe: kombi gani, yaani mchanganyiko gani wa masomo ya kidato cha tano, inapeleka wapi, fomu ya kuchagua kombi na vyuo inajazwa lini, cheti na diploma vinatofautianaje na shahada, nani anasimamia udahili wa vyuo vya kati, yaani NACTVET, na nani anatoa mikopo. Waambie pia ulifeli nini. Kisha gawa vipande vya karatasi waandike maswali bila majina. Hapo ndipo yanapotoka ya kweli: hedhi na siku wanazokosa masomo, mwanaume wa bodaboda anayewapa lifti kwa sababu shule iko mbali, chumba cha kupanga wanachokaa wenyewe. Ya namna hiyo mengine si yako kuyajibu. Mkabidhi mwalimu wa malezi au ustawi wa jamii, na ufuatilie.

Kuna jambo dogo ambalo nalipa muda mrefu kuliko yote, nalo ni cheti cha kuzaliwa. Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na mwenye mzazi aliyefariki anahitaji cheti cha kifo pia. Hapa katika bonde la Kilombero wengi hawana, au jina waliloandikishwa darasa la kwanza silo la ubatizo, wala silo alilolitaja baba hospitalini. Jambo hili likigunduliwa kidato cha sita, binti anahangaika na viapo huku dirisha la maombi linafungwa. Likigunduliwa kidato cha pili, kuna muda wa kulirekebisha taratibu. Kila kikao nawapa kazi moja ya nyumbani: waulize cheti chao kiko wapi na kimeandikwa jina gani.

Hilo linatupeleka kwa wazazi, ambao wengi tunawasahau. Mzazi wa Kilombero kuanzia mvua za mwanzo wa mwaka yuko shamba, mwingine ng'ambo ya mto, anaishi dungu mpaka mavuno. Watoto wanabaki mjini, Viwanjasitini au Lipangalala, dada mkubwa ndiye mama wa nyumba. Ukiita kikao cha wazazi mwezi wa nne, wenye mpunga wako kwenye kuamia ndege. Ita baada ya mavuno, mwezi wa saba, magunia yakiwa ndani. Na zungumza magunia: ada ya serikali haipo tena hadi kidato cha sita, lakini nauli, godoro, sare na mahitaji ya bweni vipo. Mzazi akitenga magunia mawili matatu asiyauze bei ya chini ya msimu, kidato cha tano kinamkuta amejiandaa. Nimeona akina baba wagumu wakilainika kwa hesabu hiyo kuliko kwa maneno yoyote ya haki za mtoto wa kike, ingawa hayo nayo nayasema.

Aliyejifungua msimwache nje ya hesabu. Tangu Novemba 2021 serikali inamruhusu kurudi katika shule ya kawaida, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi navyo vinapokea wasichana waliokatisha masomo. Mpelekeeni habari nyumbani, maana kwenye kikao cha shule hayupo.

Kipindi ninachokihofia zaidi ni kati ya mtihani wa kidato cha nne na Julai. Hana shule, anaenda shamba, posa zinaletwa. Matokeo yakitoka Januari, mwingine anaona daraja la tatu au la nne anadhani yameisha, wakati kuna cheti cha afya, kuna vyuo vya ufundi vya VETA, kuna kurudia mtihani. Kwa hiyo Oktoba tunaandika na mwalimu orodha ya wote, na namba ya mzazi au jirani mwenye simu. Matokeo yakitoka tunagawana majina, kila mmoja wetu anapiga kwa wake, anamuita na mzazi, wanakaa na matokeo mezani, wanaangalia kama kombi aliyojaza bado inamfaa au ibadilishwe kabla muda haujaisha.