JE, KUNA MNYAMA GANI KATIKA LOCH NESS?

Wahenga walinena: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini je, kila lisemwalo na watu wengi lapaswa kusadikiwa? Na tulipime jambo hili kwa habari za Loch Ness, ziwa la Scotland ambalo husemwa kuwa ndani yake mna mnyama mkubwa wa ajabu.

Ziwa hilo ni jembamba, lakini urefu wake wapata kilometa 37, na kina chake mita 230. Maji yake ni meusi kwa udongo utokao milimani. Mwaka 1933, barabara mpya ilipojengwa kando yake, wapita njia walianza kusimulia kiumbe mwenye nundu na shingo ndefu. Maelezo manne yametolewa.

Kwanza, wako wasemao kuwa ni mmoja wa wanyama wakubwa wa baharini wa zamani, jamii ya mijusi. Maelezo haya yana taabu. Wanyama hao walikwisha kutoweka miaka milioni 66 iliyopita, na mahali pa ziwa hilo palijaa barafu mpaka miaka 10,000 hivi iliyopita. Tena mnyama haishi peke yake karne baada ya karne. Lazima kuwe na wazazi na watoto, na wote wapate chakula.

Pili ni hila. Mwishoni mwa mwaka 1933 mwindaji Marmaduke Wetherell alitangaza kuwa ameona nyayo za mnyama huyo. Wataalamu wa London walipozichunguza waliona ni za kiboko: mguu mkavu wa kiboko ulikuwa umegandamizwa ufukoni! Mwaka 1934 gazeti la Daily Mail likatoa picha ya shingo ndefu juu ya maji. Miaka 60 ilipita kabla ya kutangazwa kuwa ilikuwa nyambizi ya kuchezea watoto, imebandikwa kichwa cha bandia, na kwamba Wetherell alikuwamo katika shauri hilo.

Tatu ni kukosea kwa macho. Mashua ikiisha kupita, mawimbi yake huendelea kutembea, nayo kwa mbali hufanana na nundu. Gogo lielealo, ndege au paa aogeleaye aweza kumdanganya mtazamaji mwaminifu, hasa maji yakiwa shwari na hakuna kitu karibu cha kulinganisha ukubwa.

Nne ni samaki aitwaye mkunga. Mwaka 2018 Profesa Neil Gemmell wa New Zealand alichota maji mahali pengi ziwani, akatafuta chembe za urithi ziachwazo na viumbe. Hakupata dalili ya mijusi, bali alipata za mikunga kwa wingi. Hata hivyo chembe hizo hazielezi ukubwa wa samaki mwenyewe.

Basi msomaji, hukumu ni yako. Lakini kumbuka kwamba mtu aweza kusema kweli juu ya alichokiona, na akakosea juu ya jina la kitu hicho. Kandokando ya Ziwa Victoria nako kuna masimulizi ya kale ya lukwata, mnyama wa majini. Usimcheke mzee akusimuliaye, wala usisadiki upesi. Muulize maswali mawili kwa adabu: Uliona nini hasa? Na ni nini kilichokufanya udhani kuwa ndicho hicho? Kati ya majibu hayo mawili ndipo elimu ianzapo.