Mtoto Mwenye Mlezi, Mama Mwenye Kazi

Ndugu mkulima, katika hesabu ya shamba lako huandika bei ya mbegu, mbolea na vibarua. Je, umewahi kuandika gharama ya kumtunza mtoto wakati mama yake yuko shambani? Mwezi huu tujifunze jambo hili kwa akina mama wa Nairobi, ambao wengi wao ni dada na binti zetu.

Mama wa Kibera au Kawangware anayetegemea kibarua cha kufua nguo hutoka asubuhi kutafuta kazi Kilimani au Lavington. Nyanya ya mtoto yuko mbali. Basi humwacha mtoto kwa mama mwingine anayelea watoto nyumbani kwake kwa malipo ya kila siku. Mlezi hulipwa hata kama kibarua hakikupatikana. Tuseme amelipa siku 5, akapata kazi siku 3. Ujira wa siku 3 ndio utakaolipa malezi ya siku 5, pamoja na chakula na kodi. Akiona hasara, hukaa nyumbani, au mtoto huachiwa dada yake ambaye angekuwa shuleni.

Je, malezi yakiwa rahisi, kazi huongezeka? Wachunguzi walijaribu jambo hilo Korogocho, mtaa mwingine wa Nairobi, kwa kuwasaidia baadhi ya akina mama kulipia malezi. Matokeo yalitolewa mwaka 2019: katika kila akina mama 100 waliosaidiwa, wenye kazi walizidi kwa 8 au 9 kuliko katika 100 wasiosaidiwa.

Nanyi katika skimu mnaweza kusaidiana wakati wa palizi na mavuno:

1. Nyumba tano au sita ziungane, zipange zamu za kulea watoto.

2. Walezi wawe watu wazima wawili. Msimtoe mtoto shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza.

3. Chagueni mahali penye kivuli, maji safi na choo, mbali na moto na dawa za kunyunyizia mimea.

4. Mlezi asiye na zamu alipwe, kwa fedha au kwa mahindi. Kulea pia ni kazi.

Baba, jambo hili si la wanawake peke yao. Palizi ikichelewa, gunia linalopungua ni la nyumba nzima. Msimu huu, hesabuni pamoja: ni siku ngapi mama alikosa kulima kwa sababu mtoto hakuwa na mlezi?