Silikone juu ya Gasketi ya Kichwa cha Motere: Kuweka ao Kutoweka?

Katika namba hii sisi wa darasa la mwisho tunaleta somo la mekanike, kwa sababu ubishi umekuwa mkali kati yetu na hautaki kwisha. Fundi anapobadilisha gasketi ya kichwa cha motere (ile ambayo mafundi wa hapa Katoyi wanaita kwa Kifaransa joint de culasse), je, apake silikone ao asipake?

Msiseme kwamba jambo hili ni la watu wa teknike tu. Wengi wetu minervali inatoka kwa taksi ya baba, ao kinu cha mama kinachosaga muhogo, ao jenereta ya kuchaji simu za watu. Motere ikifunguliwa mara mbili kwa mwezi mmoja, kuna mtoto atakayerudishwa nyumbani. Tumewaona.

Kati ya bloku na kichwa cha motere kunapita vitu vitatu: moto wa silinda, maji ya kupoza, na mafuta ya motere. Vitatu hivyo havipashwi kukutana hata kidogo, na anayevizuia ni gasketi, kitu chembamba kuliko sarafu. Tufanye hesabu ndogo, kama mwalimu wa fizikia anavyopenda. Silinda yenye upana wa sentimeta 9 ina eneo la karibu sentimeta mraba 64. Motere ya esanse inapochoma, msukumo unaweza kufika kilo 60 juu ya kila sentimeta mraba. 64 mara 60 ni 3,840. Basi ni karibu tani 4 zinazotaka kuinua kichwa, kila mara moto unapowaka. Motere ya mazuti inapita hapo.

Nani anazuia tani hizo? Ni buloni, si gundi. Buloni zinabana kichwa, kichwa kinabana gasketi, na gasketi inashika kwa sababu nyuso mbili ni safi tena ni sawa kabisa. Silikone ikikauka inakuwa laini kama mpira. Hata ile nyekundu ya tubu, inayouzwa kuwa ya moto mkali, inavumilia kiasi cha nyuzi 300 hivi, na moto ndani ya silinda unapita nyuzi 2,000. Ukiiweka pale unaweka kitu laini mahali panapohitaji ugumu, kisha buloni zinalegea kidogo kidogo kadiri kile kilaini kinavyokimbia.

Tena kinakimbilia wapi? Nusu inatoka nje, fundi anaipangusa na kusema kazi imekuwa safi. Nusu nyingine inaingia ndani, ambako hakuna anayeiona. Inakauka, inakatika vipande, na kipande kimoja kidogo kama punje ya mtama kinatosha kuziba tundu linalopeleka mafuta juu. Hapo motere inakufa kwa kukosa mafuta, na watu watasema gasketi ilikuwa mbaya.

Wazee wa garaje wanatujibu: sisi tumepaka tangu zamani na magari yalitembea. Hatusemi wanadanganya. Gasketi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa namna nyingine, na zingine, kama zile za shaba tupu, zinahitaji kweli dawa kidogo kuzunguka matundu ya maji na mafuta. Lakini gasketi nyingi za leo ni mabati membamba ya chuma yaliyopangwa pamoja, na mtengenezaji ameisha kuyapaka dawa yake. Hizo zinatiwa kavu. Katika motere fulani kitabu chenyewe kinaamuru tone moja la silikone pale bloku inapokutana na kifuniko cha mbele. Tone moja, mahali pamoja. Karteri ya mafuta chini ni habari nyingine, pale mara nyingi silikone ndiyo dawa yenyewe.

Sasa tuulize swali ambalo wengi hawaulizi: gasketi ya kwanza iliungua kwa sababu gani? Hapa Goma tunakaa kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Kwa hiyo maji katika sufuria wazi yanachemka kwenye nyuzi 95, si 100. Kifuniko kizuri cha radiatere kinashikilia msukumo ndani, na maji yanaweza kufika karibu nyuzi 115 bila kuchemka. Dereva akipoteza kifuniko hicho na kuziba kwa kipande cha mfuko, amejinyima nyuzi 20 nzima, kisha anapakia watu na kupanda milima ya Masisi! Kuna pia maji yenyewe. Tunayachota katika ziwa Kivu kwa bido, na maji ya ziwa hili yana chumvi nyingi. Angalia ukoko mweupe ndani ya birika ya nyumbani kwenu. Ukoko ule ule unajijenga ndani ya radiatere na kufunga njia. Motere inapata joto kupita kiasi, na kichwa cha aluminyumu, ambacho kinatanuka karibu mara mbili kuliko chuma cha bloku, kinapinda. Gasketi inaungua mwishoni, lakini kosa lilianza mbali.

Kichwa kilichopinda hakinyooki kwa silikone. Kinapimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na vile vibati vyembamba vya kupimia. Vitabu vingi vinaruhusu 0.05 mm, vingine hadi 0.10 mm. Ikizidi, kipelekwe kuchongwa. Hapa ndipo fundi mmoja alitujibu vizuri: “Vijana wangu, mteja hana franga ya kuchongesha, mimi nifanye nini?” Jibu letu ni kwamba mteja aambiwe wazi kabla ya kufunga, achague yeye. Wengi wakiambiwa bei ya kufungua mara ya pili, wanatafuta ile franga.

Na wakati wa kufunga, matundu ya buloni yakaushwe kwanza. Maji ao mafuta yakibaki chini ya tundu lisilo na mwisho wazi, buloni inapoingia inayasukuma na bloku inaweza kupasuka. Buloni zikazwe kwa funguo yenye kipimo, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa hatua, jinsi kitabu kinavyoonyesha. Buloni zinazovutika wakati wa kukaza zinunuliwe mpya. Halafu mafuta yale yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa yamwagwe yote pamoja na filtre yake, hata kama mwenye gari anasema yangali mapya.

Kiongozi wa wanafunzi, kwa niaba ya darasa la mwisho