Usitoke kwenye blanketi kabla ya ndoto

Mwezi wa sita na wa saba, Njombe mjini hakuna anayeamka kwa hiari. Unafumbua jicho saa kumi na moja alfajiri, baridi inakuuma masikio, unajikunyata upya. Kwa anayetaka kukumbuka ndoto zake, uvivu huo ni mtaji. Ukigeuka tu, ukashika simu au ukaanza kuwaza nauli ya Makambako, ndoto imeshayeyuka.

Kwa hiyo ukiamka, tulia vilevile ulivyolala, macho yafumbe. Jiulize: nilikuwa wapi sasa hivi? Kamata kipande cha mwisho, hata kama ni mlango tu, kisha rudi nyuma: kabla ya mlango kulikuwa na nini? Picha zikikosekana, kamata hisia. Hofu au aibu uliyoamka nayo mara nyingi huivuta picha yake.

Ndipo uandike. Daftari likae chini ya mto, pamoja na penseli. Kalamu ya wino ukiandikia chali hugoma. Simu siipendekezi, maana kabla hujafika kwenye ndoto utakuwa umeshasoma ugomvi wa kundi la familia. Andika kana kwamba bado umo ndani: “Niko sokoni, maparachichi yananidai deni.” Usiirekebishe ipate kueleweka. Na mwandiko usomeke! Mwanasayansi Otto Loewi, akiwa Graz, Austria, aliamka usiku akaandika wazo aliloliota. Asubuhi akashindwa kusoma alichoandika. Usiku uliofuata wazo likarudi, kama saa tisa hivi, naye hakungoja: alikwenda maabara akafanya jaribio lake kwa mioyo ya vyura. Mwaka 1936 akapata Tuzo ya Nobel. Wewe usitegemee ndoto kurudi.

Tangu 1953, watafiti wa Chicago walipoeleza usingizi ule ambao macho huchezacheza chini ya kope, inajulikana kwamba ndoto nyingi zilizo wazi hutokea humo. Kipindi hicho hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na hurefuka kuelekea alfajiri. Anayelala saa sita akaamka saa kumi kuwahi basi hujinyima sehemu nono.

Makambako wana bahati ya namna yao. Malori ya Zambia hayalali, na honi ya treni ya TAZARA haiombi ruhusa. Anayekatizwa katikati ya ndoto huikumbuka vizuri kuliko aliyelala moja kwa moja hadi asubuhi. Kwa hiyo lori likikuamsha, acha kulaani, papasa penseli.

Mambo mawili ya jioni. Ulanzi unywe kwa kiasi, au uache usiku huo, kwa kuwa pombe hupunguza usingizi wa ndoto saa za mwanzo na baadaye hukukatakata usingizi wenyewe. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani hata baridi ikizidi. Hewa yake inaua bila harufu ya kukuonya. Ongeza blanketi.

Tafsiri isubiri. Ukimsimulia mtu kabla hujaandika, atakuuliza maswali, nawe utajibu kwa kubuni bila kujijua. Andika kwanza, hata jinamizi lililokukaba.

Anza leo usiku. Kesho huenda ukapata neno moja tu, “mlango”. Liandikie tarehe.